Kati ya Korona na Maabara: Mafunzo Niliyopata kwenye Utafiti wa Mkonge

Mkonge si mmea wa asili ya kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ilizaliwa sekta iliyotoa takriban tani 230,000 za singa mwaka 1964, nchi yetu, Tanzania, ikiwa kinara wa dunia. Kisha mambo yakaharibika. Kamba za plastiki zilishusha bei, mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakakosa matunzo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunazungumzia tani 20,000 hivi.

Mimi niliingia kwenye mkonge kwa mlango wa nyuma. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kazi yangu ni kukausha, kukata, kupima uzito na kuvuta singa hadi zikatike, halafu kuandika namba. Kazi hiyo imenipitisha kwenye miradi kadhaa ya ubia kati ya vyuo vikuu, kituo cha utafiti, wenye viwanda na wakulima wa Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Maprofesa wameshaandika makala zao. Haya ni ya mtu aliyebeba sampuli.

1. Anza na kinachotupwa

Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mtambo wa kuchakata (jina hili Tanga lilikuwepo miaka mingi kabla ya ule ugonjwa), singa inayopatikana haizidi asilimia nne ya uzito wake, na mara nyingi ni chini ya hapo. Kilichobaki ni maji, massa ya kijani na vinyuzi vifupi. Kwa miongo mingi vyote hivyo vilimwagwa: vingine mabondeni, vingine mtoni. Aliyewahi kusimama nyuma ya korona asubuhi ya joto anajua harufu yake, na anajua kwa nini watu wanaoishi chini ya kiwanda hawana hamu na hotuba za "dhahabu nyeupe".

Utafiti wa chuo ninaouheshimu kuliko mwingine wowote kwenye mkonge ulianzia kwenye uchafu huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walichukua massa ya mkonge na kuyavundisha bila hewa ili kupata gesi. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ambayo hata mama muuza samaki wa soko la Feri angeyaelewa: ukichanganya theluthi mbili za massa ya mkonge na theluthi moja ya mabaki ya samaki, methani inaongezeka kwa kati ya asilimia 59 na 94 kuliko ukivundisha kimoja kimoja. Sababu yake haina uchawi. Mkonge una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, samaki ana naitrojeni nyingi. Vijidudu vinavyotengeneza gesi vinahitaji vyote viwili. Mwaka 2006 walionyesha kwamba vinyuzi vya mabaki vikikatwakatwa kutoka milimita 100 hadi milimita 2, methani hupanda kwa asilimia 23. Baadaye wakaotesha uyoga wa kuliwa juu ya mabaki hayo hayo.

Kwenye miaka ya 2007 na 2008 kampuni ya Katani, ikisaidiwa na UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ilijenga huko Hale mtambo wa kufua umeme kwa bayogesi ya mabaki ya mkonge, kilowati 150 kwa kuanzia, wa kwanza wa aina yake duniani. Sidai kwamba makala za maabara pekee ndizo zilizojenga mtambo. Ninachosema ni kwamba siku mwenye kiwanda alipotaka kujua massa yake yanaweza kutoa nini, walikuwepo Watanzania wenye jibu na vipimo mkononi. Hilo halipatikani kwa kuita mtaalamu wa wiki mbili.

Tangu hapo, nikipewa andiko la mradi wowote wa kilimo, hutafuta kwanza sehemu inayozungumzia kinachotupwa. Kama haipo, huwa nashuku kwamba mwandishi hajafika kiwandani.

2. Swali la mkulima huwa fupi kuliko letu

Kwenye mradi mmoja tulipeleka kijijini, wilaya ya Korogwe, ugeni mzito: profesa wetu, mbia kutoka Ulaya, wanafunzi wa uhandisi na mimi na mizani yangu. Profesa alieleza vizuri jinsi singa zinavyoweza kuwekwa ndani ya plastiki badala ya nyuzi za kioo, zikatengeneza paneli nyepesi za magari. Ni kweli tupu: singa ya mkonge ina msongamano wa takriban gramu 1.45 kwa sentimita moja ya ujazo, kioo kinafika 2.5. Watu walisikiliza kwa adabu. Alipomaliza, mama mmoja mwenye shamba akanyoosha mkono.

"Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa maneno mazuri. Mimi nauliza kitu kimoja. Majani yangu yamelala barabarani siku ya nne leo, korona ina foleni. Hayo magari yatayachukua yakiwa makavu?"

"Marahaba mama," profesa akajibu, kisha akanyamaza kidogo. Nampa heshima yake, alikunja karatasi zake na kumwambia, "Hebu tueleze hiyo foleni."

Foleni ndiyo iliyokuwa mada yenyewe. Jani lililokatwa linatakiwa lifike korona mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili. Likichelewa linanyauka, massa yanang'ang'ania singa, singa inatoka na madoa na daraja linashuka. Mkulima mdogo hana korona yake. Anangoja gari, halafu anangoja zamu. Majani yake yakifika, anakabidhi mzigo wa majani na kulipwa kwa kilo za singa, na hesabu ya kugeuza majani kuwa singa inafanyika mahali ambapo yeye hayupo. Manung'uniko yote niliyoyasikia kwenye mikutano ya wakulima yalikuwa na mzizi kwenye mambo mawili: saa na mizani.

Wanafunzi wetu wawili wa takwimu waligeuza hayo kuwa kazi yao ya mwaka wa mwisho. Walichagua matita bila upendeleo (tita ni majani thelathini), wakayapima kabla ya korona, wakapima singa kavu baadaye, na kurudia kwa majani ya siku moja, mbili, tatu na nne, mbele ya wakulima wenyewe. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa kwa chuo kikuu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa wakulima wale kuona jinsi wastani unavyopatikana, na mara ya kwanza kwa wanafunzi wale kuona watu wazima wakigombania nafasi ya kusoma mizani. Siku hizi watu wanalizungumzia sana suala la kuwavuta vijana kwenye sayansi. Mimi nasema wapelekeni mahali ambapo nafasi moja ya desimali ni ada ya mtoto wa mtu.

3. Mkono wa mchambuzi na mashine havipimi kitu kimoja

Baada ya kuanikwa na kupigwa brashi, singa hupangwa kwa madaraja. Daraja la 3L linatakiwa liwe na urefu wa futi tatu, yaani takriban sentimita 90, kwenda juu. Yako na mengine chini yake: 3S, UG, SSUG, mpaka makapi ya vinyuzi vifupi. Wanaopanga, wengi wao wanawake, wanafanya kwa jicho na kwa mkono, haraka kiasi kwamba ukiwapiga picha ya video inabidi uirudishe taratibu ili uone uamuzi ulifanyika wapi.

Tulikuwa na mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa, binti wa mkataji mkonge na mchambuzi wa singa wa huko huko. Yeye ndiye aliyeuliza: je, singa ya daraja la chini ni dhaifu? Wahandisi wenzake walidhani jibu liko wazi. Akaomba singa za kila daraja, tukaziweka moja moja kwenye mashine ya kuvuta, kazi ya kuchosha macho kwa sababu unyuzi mmoja unateleza kwenye taya za mashine na kipimo chote kinaharibika. Ilipokwisha, picha ilikuwa hii: madaraja yanatofautisha urefu, rangi na usafi, nguvu haimo. Unyuzi wa kahawia ulioshushwa daraja kwa sababu ya madoa ulivumilia mvuto sawa na mweupe. Kilichotofautiana sana ni nyuzi ndani ya daraja lile lile, hata ndani ya jani moja, kutegemea unyuzi umetoka upande wa shina au wa ncha.

Kwa muuza kamba au zulia, rangi ni fedha. Kwa anayetaka kuificha singa ndani ya plasta ya dari au paneli, rangi haina maana, na singa ya bei ya chini inamtosha. Hapo ndipo penye soko ambalo mkulima wa mkonge hajaambiwa. Na ugunduzi huo haukutoka kwa mbia mwenye hadubini ya elektroni. Ulitoka kwa mtu aliyekua akimwona mama yake akitupa nyuzi za kahawia upande wa kushoto.

4. Kabla ya kugundua, soma kilichowashinda waliokutangulia

Kila baada ya miaka michache hutokea kijana mwenye wazo la vigae vya saruji na mkonge. Ni wazo zuri, na ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, watafiti wa ujenzi wa Dar es Salaam na wa Stockholm walilishughulikia kwa fedha za Sweden. Wakati huo asbesto ilikuwa inakataliwa, mabati yalikuwa ghali, na mkonge ulikuwepo tele. Vigae vilipotoka kwenye kalibu vilikuwa imara. Vikiwa juu ya paa, jua na mvua zikipokezana, vilianza kukatika kama biskuti.

Sababu iko kwenye maji yaliyomo ndani ya vitundu vya saruji. Yana alkali kali, na alkali hiyo inayeyusha lignini na hemiselulosi, vitu vinavyogandisha seli za singa pamoja. Unyuzi unabaki, lakini hauvutiki tena. Dawa iliyoonyesha njia ilikuwa kupunguza alkali yenyewe kwa kubadilisha sehemu ya saruji na vumbi laini la silika. Sisi hatuna viwanda vya kutoa vumbi hilo, ila tuna pumba za mpunga. Majivu yake yana silika nyingi, mradi uzichome kwa moto wa wastani. Moto ukizidi silika inageuka fuwele na kupoteza makali yake.

Nilitumia miezi nikilinda tanuri la pumba ili joto lisipande. Katika kipindi hicho walikuja wageni wa miradi miwili tofauti, kila mmoja akiwa na bango lenye neno "ubunifu", na hakuna aliyekuwa amesoma ripoti za miaka ya 1980. Ripoti zenyewe zipo maktaba, na vumbi lake si la silika.

5. Mashine bila fundi ni samani

Hili nitalisema kwa kirefu kwa sababu linanihusu.

Ubia wa vyuo vikuu hupenda kuhesabu wahitimu wa uzamivu. Ni sawa, tunawahitaji. Lakini maabara haiendeshwi na wazamivu. Inaendeshwa na mtu anayejua kwamba mizani ya desimali nne haiwekwi karibu na dirisha, kwamba umeme wa njia tatu ukikosa njia moja mota itaungua, kwamba kipima mvuto kinatakiwa kusawazishwa kila mwaka na nani ana hati ya kukisawazisha. Mtu huyo kwa kawaida ana stashahada, hatajwi kwenye makala, na mkataba wake unaisha siku mradi unapoisha.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mashine mpya ya kuvuta singa ilifika kwa meli, ikafungwa, ikapigwa picha. Mhandisi wa kiwanda kilichoitengeneza alikuja na kumfundisha mwanafunzi wa uzamivu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye bajeti. Mwanafunzi akahitimu, akapata kazi nchi nyingine, tukamfanyia sherehe. Miezi michache baadaye programu ya mashine ikadai namba ya siri iliyokuwa kwenye barua pepe yake. Mashine iliyogharimu zaidi ya nyumba yangu ikageuka meza ya kuwekea chai, mpaka fundi wa umeme, kijana aliyesoma VETA, alipokaa nayo jioni kadhaa akaifungua ubongo na kuiwashia kipimo kwa vifaa vya dukani. Alilipwa posho ya vibarua. Si mwanasayansi huyo?

Tangu mwaka 2021 vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikijenga na kuweka vifaa kupitia mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Majengo hayo nimeyaona, yanapendeza. Ningependa kila jengo liingie pamoja na mafundi wake, wenye cheo cha kudumu, njia ya kupanda na safari ya mafunzo huko mashine inakotengenezwa. Mbia wa nje akiuliza asaidie nini, jibu langu halibadiliki: mlipe fundi wetu aje akae kwenu miezi mitatu, na weka fungu la vipuri kwa ajili ya mwaka wa kwanza baada ya mradi kufungwa.

Jambo la usalama nalo liko hapa. Wanafunzi wa uhandisi wanapenda kubuni korona ndogo ya kubebeka, na foleni niliyoieleza inaonyesha kwa nini inahitajika. Brazili wanazo siku nyingi. Huko Bahia mashine ndogo ya kulishwa kwa mkono imewakata wafanyakazi wengi vidole na mikono. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniletea mchoro, kabla ya kumuuliza inatoa kilo ngapi, namuuliza mkono wa anayeilisha unaishia wapi. Wengi hurudi kuchora upya.

6. Mkonge haujui mwaka wa fedha

Mradi wa kawaida una miaka mitatu. Mkonge nao, kutoka kupandwa hadi mkato wa kwanza, unachukua takriban miaka mitatu. Piga hesabu mwenyewe: fedha zinakwisha siku jani la kwanza linapoanguka.

Ndiyo maana tafiti nyingi za vyuo zinaishia kwenye miche au zinanunua majani ya shamba ambalo historia yake haijulikani. Anayeweza kusubiri ni kituo cha utafiti. Mlingano, kule Ngomeni, kilianzishwa mwaka 1934 na sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Chotara namba 11648, mkonge unaotoa majani mengi zaidi kuliko ule wa Hindorf, ulizalishwa kwenye kituo cha Amani na kuendelezwa Mlingano; ilichukua miaka ya uchavushaji na uchaguzi ambayo hakuna mfadhili wa leo angeivumilia. Chuo kikuu kinapoungana na kituo cha namna hiyo, mwanafunzi anaingia kwenye jaribio lililokwishaanza na kuliacha likiendelea. Ubia niliouona ukidumu ulikuwa wa namna hiyo. Ule uliojaribu kupanda shamba lake wenyewe uliacha magugu.

7. Hati kwanza, sampuli baadaye

Fupi tu. Kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, makubaliano ya kuhamisha sampuli, na mstari unaosema nani anamiliki kitakachopatikana: vyote viwe vimetiwa saini kabla mfuko haujafungwa. Watu husema ni urasimu, lakini kumbuka mimea yetu ilikokwenda. Chotara 11648 wa Amani leo ndio tegemeo la mashamba ya mkonge ya kusini mwa China. Hapakuwa na wizi, enzi zile mimea ilisafiri hivyo. Zama zimebadilika, na kijana wa maabara anayefunga sampuli bila kusoma hati anaweza kufunga na haki ya kijiji humo humo.

8. Matokeo yarudi yakiwa na Kiswahili na namba

Wabia wengi hurudisha kijijini bango la picha na maneno ya shukrani. Mkulima wa mkonge ana hesabu kichwani kuliko wageni wanavyodhani, mpe namba. Tuliporudisha matokeo ya foleni, tulichora kwenye karatasi kubwa mistari minne, siku moja hadi siku nne, tukaandika kilo pembeni. Hatukuhitaji kueleza zaidi. Chama chao cha ushirika kilichukua karatasi ile na kwenda nayo kwenye kikao cha ratiba ya magari. Hawakupata yote waliyoomba, lakini waliokata siku moja wakaanza kupangiwa gari la pamoja.

Mwishoni mwa mkutano huo mzee mmoja aliuliza juu ya maji. Korona inakunywa maji mengi sana kwa kila tani ya singa, na kiangazi mto unapungua wakati bustani zao za mboga zinauhitaji mto huo huo. Alitaka kujua kama maji yaliyokwisha kuchujwa baada ya kutoa gesi yanaweza kurudishwa kwenye korona bila kuchafua rangi ya singa, na mara ngapi. Profesa alinitazama, nami nikatazama mizani yangu. Swali hilo tumeliandikia andiko jipya, na safari hii ukurasa wa bajeti una mstari wa mafundi sanifu wawili na wa vipuri. Mbia amelirudisha akiuliza kama mstari huo unaweza kupunguzwa. Tumemjibu kwamba tupunguze warsha.